Mwasho wa soriasisi: faraja imo katika mafuta, haimo katika kucha

MIONGONI mwa maradhi ya ngozi yanayomkosesha binadamu raha, ugonjwa wa soriasisi una namna yake ya pekee ya kumtesa mtu. Mchana mgonjwa huficha viwiko vyake ndani ya shati la mikono mirefu, hufunika magoti kwa kanga au suruali, na hukwepa kukaa kifua wazi mbele ya wenzake. Usiku, watu wanapolala, mwasho huanza. Atajikuna mpaka shuka lipate madoa ya damu na unga mweupe wa magamba, na alfajiri ataamka akiwa amechoka kuliko alivyolala.

Ndugu na jirani, kwa nia njema kabisa, humshauri ajisugue. Hununuliwa sabuni kali, dodoki gumu, hata jiwe la kusugulia nyayo, kwa imani kwamba magamba yale ni uchafu, na uchafu huondolewa kwa nguvu. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini njia hiyo humzidishia mgonjwa mateso, na jinsi kuoga kwa uangalifu pamoja na mafuta yanayofaa kunavyoweza kuutuliza mwasho, hata katika nyumba ambayo watu wake huoga kwa ndoo na kopo.

UGONJWA GANI HUU?

Ngozi ya binadamu hujijenga upya wakati wote. Chembe changa huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hufa na kupukutika bila ya mwenyewe kujua. Kwa mtu mwenye afya safari hiyo huchukua kiasi cha mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu kutoka nje, huichokoza ngozi yenyewe, nayo ngozi hujizalisha kwa pupa. Safari ya mwezi mzima humalizika kwa siku 3 hadi 5 hivi. Chembe hizo hufika juu kabla ya kukomaa, hurundikana, na kufanya mabaka mazito yenye magamba yanayong'aa kama fedha.

Mabaka hayo hupenda kutokea viwikoni, magotini, kichwani penye nywele, na chini ya mgongo. Kucha nazo huweza kuingia vitobo vidogo kama vilivyochomwa na sindano, au kunyanyuka kutoka kwenye nyama. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba mabaka ya soriasisi ni mekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Baka huwa na rangi ya zambarau, ya kahawia iliyoiva au ya kijivu, na likipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi kadhaa. Anayetafuta wekundu peke yake anaweza kuupita ugonjwa huu bila kuutambua.

Mwelekeo wa kuugua soriasisi hupita katika ukoo, ingawa si kila aliyeurithi atapata mabaka. Mara nyingi hutokea jambo la kuuamsha: maambukizo ya koo, jeraha, fadhaa ya muda mrefu, ulevi, sigara, au baadhi ya dawa. Katika dawa hizo imo lithiamu, zimo baadhi ya dawa za shinikizo la damu za jamii ya beta-bloka, na imo klorokwini, ambayo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria katika Tanzania mpaka mwaka 2001. Virusi vya UKIMWI pia huweza kuufanya ugonjwa huu uchachamae, na ndiyo maana daktari akiona soriasisi kali iliyozuka ghafla huweza kumshauri mgonjwa apime damu.

SI UKOMA, WALA HAUAMBUKIZI

Kwa karne nyingi soriasisi ilichanganywa na ukoma. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa London aitwaye Robert Willan alizieleza dalili zake kwa makini, lakini hata yeye hakuepuka majina yaliyoufungamanisha na ukoma. Ni Ferdinand von Hebra, bingwa wa maradhi ya ngozi mjini Vienna, aliyeyatenganisha waziwazi maradhi hayo mawili mwaka 1841. Hatujui ni watu wangapi waliotengwa na jamii zao kabla ya hapo kwa ugonjwa ambao usingeweza kumwambukiza mtu yeyote.

Iko tofauti moja ambayo hata mtu asiyesomea uganga anaweza kuifahamu. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia: ukiligusa kwa pamba mgonjwa haisikii. Baka la soriasisi lina hisia kamili, na mara nyingi zaidi ya kamili, maana huwasha na kuuma. Hata hivyo hukumu ya mwisho ni ya mganga, na yafaa ieleweke kwamba ukoma wenyewe siku hizi hutibika kwa vidonge.

Soriasisi haipatikani kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kula sahani moja, kunyonyesha wala kwa tendo la ndoa. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutambua ugonjwa huu kuwa ni wa kudumu, usioambukiza, wenye maumivu, unaoharibu sura na usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa tofauti kati ya nchi ni kubwa sana. Kiwango cha chini kilichoripotiwa kilikuwa asilimia 0.09, kutoka Tanzania. Cha juu kilikuwa asilimia 11.43, kutoka Norway.

Mtu anaweza kudhani kwamba uchache huo ni habari njema tupu. Lakini kwa mgonjwa mwenyewe uchache una upande wa pili. Katika nchi ambako mtu mmoja kati ya kumi anao ugonjwa huo, kila mtaa una mtu wa kumwelewa. Mahali ambapo ni mtu mmoja katika kijiji kizima, majirani hawajawahi kuuona, na jambo lisilojulikana hutafutiwa sababu zake: amerogwa, amevunja mwiko, ana upele, ana ukoma. Mgonjwa hubaki peke yake na kucha zake.

MWASHO HUTOKA WAPI?

Ngozi nzima ni kama ukuta uliopigwa lipu vizuri. Kati ya chembe na chembe pana mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vikali visiingie. Katika baka la soriasisi lipu hiyo imepasuka. Maji hupotea, ngozi hukauka, hukakamaa na kufanya nyufa. Wakati huo huo kemikali zinazotolewa na kinga ya mwili huichokoza mishipa midogo ya fahamu iliyomo ndani ya ngozi. Ukavu na uchokozi huo vikikutana, mwasho huwa mkali, hasa usiku ambapo mwili umepata joto la kitandani na fikira za mtu hazina shughuli nyingine.

Kujikuna huleta nafuu ya dakika moja na hasara ya wiki nyingi. Katika karne ya 19 daktari Mjerumani, Heinrich Köbner, alieleza kuwa ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, hata mahali palipokuwa pazima, baka jipya huweza kuota juu ya jeraha lile lile. Mkwaruzo wa ukucha ni jeraha. Msuguo wa dodoki ni jeraha. Kwa hiyo anayebandua magamba kwa jiwe anapanda mbegu ya mabaka mengine, na kutuliza mwasho si jambo la starehe tu bali ni sehemu ya matibabu yenyewe.

MAFUTA YA KUOGEA NI NINI?

Katika maduka ya dawa ya nchi nyingi huuzwa chupa za mafuta yaliyotengenezwa makusudi kwa kuogea. Mafuta ya kawaida yakimiminwa majini huelea juu. Mafuta haya yametiwa kitu cha kuyawezesha kusambaa, hivyo maji hugeuka meupe kama tui jepesi, na mtu akitoka majini utando mwembamba hubaki mwilini. Utando huo hushika nafasi ya lipu iliyobomoka.

Kwa ujumla yapo ya namna nne. Namna ya kwanza ni ya mafuta matupu ya kulainisha, kama parafini nyepesi ya dawa au mafuta ya soya. Kazi yake ni kuzuia ukavu. Namna ya pili huongezwa lauromakrogoli, dawa inayotia ganzi kidogo mishipa inayochukua habari ya mwasho. Namna ya tatu huwa na dawa ya kuua vijidudu. Hiyo hutumika pale ngozi iliyochunwa inapoingia usaha, na haifai kuwa ya kila siku kwa mtu asiye na usaha, kwa sababu dawa zenyewe huweza kuwasha. Namna ya nne ni yenye lami ya makaa ya mawe, ambayo imekuwa rafiki wa wagonjwa wa soriasisi kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Mbali na mafuta, wako wanaoogea unga wa shayiri uliosagwa laini sana, na wako wanaotia chumvi majini. Kila mwaka wagonjwa kutoka Ulaya husafiri mpaka Bahari ya Chumvi, mahali pa chini kuliko pote katika nchi kavu duniani, wakaoge maji yake mazito na kukaa juani kwa wiki kadhaa. Watu wa pwani yetu nao hujua kwamba maji ya bahari hulegeza magamba. Lakini chumvi ikikaukia mwilini hunyonya unyevu, hivyo anayetoka baharini hana budi kujisuuza kwa maji baridi na kujipaka mafuta papo hapo.

LAMI ILIYOGEUKA DAWA

Ni ajabu kwamba kitu cheusi chenye harufu kali, kinachobaki makaa ya mawe yanapookwa bila hewa, kingekuwa dawa ya ngozi. Lakini ndivyo ilivyo. Lami hii hupunguza kasi ya chembe kujizalisha, hulegeza magamba na kutuliza mwasho. Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa kliniki ya Mayo nchini Marekani alieleza njia ya kupaka lami hiyo na kuangaza ngozi kwa mionzi ya urujuanimno, yaani ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1953 John Ingram wa Leeds, Uingereza, alieleza njia yake: kila siku mgonjwa aliogeshwa maji yenye lami, kisha akaangazwa mionzi hiyo, kisha akapakwa lihamu ya dawa iitwayo dithranoli. Mpaka leo mchanganyiko wa lami ya makaa ya mawe umo katika orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na dawa mpya.

Lami ina kasoro zake. Hunuka, hutia nguo madoa yasiyotoka, huifanya ngozi iungue upesi juani, na wakati mwingine hutoa vipele penye vinyweleo. Haipakwi usoni, sehemu za siri wala penye vidonda vibichi, na mama mjamzito au anayenyonyesha asiitumie bila kumwuliza daktari. Kwa kuwa ndani yake mna kemikali ambazo kwa wafanyakazi wa viwandani ziliwahi kuleta saratani, watu waliihofia. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa soriasisi na ukurutu, haukuona ongezeko la saratani kwa waliotibiwa kwa lami.

HODHI NA NDOO

Sasa tufike kwenye swali ambalo msomaji atakuwa amekwisha kujiuliza. Mafuta haya yalibuniwa kwa ajili ya watu wanaolala ndani ya hodhi la maji kwa robo saa. Sisi wengi wetu huoga kwa ndoo, beseni na kopo. Je, yatatufaa nini?

Jibu lake linatia moyo. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Wales kwa watoto 482 wenye ukurutu, maradhi mengine ya ngozi kavu yenye mwasho. Watoto wote walipakwa mafuta ya kulainisha ngozi kama kawaida. Kundi moja liliongezewa mafuta katika maji ya kuogea, kundi jingine halikuongezewa. Katika muda wa mwaka mzima haikuonekana nafuu ya maana iliyoletwa na nyongeza ile. Ni kweli kwamba watoto hao hawakuwa na soriasisi, na wapo wagonjwa wengi wa soriasisi wanaoshuhudia kwamba maji yenye mafuta huwapa usingizi. Lakini fundisho lake linafaa kushikwa: faida kubwa haimo katika mafuta yanayokwenda na maji bombani, bali katika mafuta yanayobaki juu ya ngozi. Mwenye hodhi na mwenye ndoo, kwa jambo hilo, wako sawa.

Utaratibu unaofaa kwa mwogaji wa ndoo ni huu. Kwanza, maji yawe ya uvuguvugu tu. Maji ya moto hufurahisha mwasho kwa kitambo, kisha huyeyusha mafuta ya asili na kuuamsha upya kwa nguvu. Yapime kwa kifundo cha mkono kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Pili, achana na sabuni ya mche na sabuni zenye manukato makali. Tumia sabuni laini isiyo na harufu, na uipake kwapani, sehemu za siri na miguuni, si juu ya mabaka. Wengine huacha sabuni kabisa na kujiosha kwa krimu nyepesi ya majimaji, kisha huisuuza.

Tatu, kuoga kusizidi dakika 10 au 15. Viwiko, mikono na miguu huweza kulowekwa ndani ya beseni. Kwa mabaka ya mgongoni, lowesha kitambaa safi cha pamba kwa maji hayo, kikamue kidogo, kikae juu ya baka kwa dakika chache. Kama unayo chupa ya mafuta ya kuogea, fuata kipimo kilichoandikwa juu yake. Kwa ndoo, weka mafuta yale katika kopo la mwisho la maji na ujimwagie polepole kuanzia mabegani.

Nne, usijifute kwa kusugua. Jipangusepanguse kwa taulo, ukiacha unyevu kidogo. Ndani ya dakika 3 hivi, ngozi ikiwa bado na maji, jipake mafuta. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mafuta hayaongezi maji ngozini. Kazi yake ni kuyafungia maji yaliyokwisha kuingia. Ukingoja mpaka umekauka, umefunga mlango wa ghala tupu. Paka kwa kushuka chini, kufuata vinyweleo vilivyolala, bila kusugua juu na chini.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, na hupatikana mpaka maduka ya vijijini. Mafuta ya nazi yaliyo safi huwafaa wengi, hasa kichwani: pasha kiasi kidogo mpaka yawe vuguvugu, paka usiku kwenye ngozi ya kichwa, funga kitambaa, na asubuhi chana polepole kwa kitana cha meno mapana kabla ya kuosha. Pale magamba yalipo mazito mno, daktari huweza kuagiza mafuta yaliyotiwa asidi ya salisiliki au yurea ili yalegee.

Tuseme mama mmoja ana mabaka karibu mwili mzima. Waganga wa Uingereza hukadiria kwamba mtu wa namna hiyo huhitaji gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki. Huo ni mzigo, na ni makopo mengi madogo ya gramu 50. Mama huyo akinunua chupa moja ya thamani iliyotoka ng'ambo, ataitumia kwa kudondosha matone, na matone hayatamfaa. Akinunua kopo kubwa la mafuta ya mgando kwa bei ile ile, atajipaka mara mbili kwa siku bila kuhesabu. Kwa ugonjwa huu, mafuta ya bei nafuu yanayopakwa kwa wingi hushinda mafuta ya ghali yanayopakwa kwa ubahili.

HADHARI

Mafuta yana hatari zake, na nyingine hazisemwi dukani. Sakafu ya saruji iliyomwagikiwa mafuta huteleza. Wazee na wajawazito waoge wakiwa wameketi juu ya kigoda, na sakafu ioshwe kwa sabuni baada ya kuoga.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya moto. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba nguo na matandiko yaliyonywea mafuta ya kulainisha ngozi, yawe ya parafini au mengineyo, hushika moto upesi, na kufua hakuyaondoi yote. Ndani ya nyumba zetu hatari hiyo ina majina yake: kibatari, mshumaa, jiko la mkaa, sigara, na chandarua kinachoning'inia karibu. Aliyejipaka mafuta asipike akiwa na kanga ile ile aliyolalia, na asivute sigara kitandani.

Parafini ya dawa isichanganywe na mafuta ya taa. Majina hayo yamewahi kuwakanganya watu, lakini mafuta ya taa huunguza ngozi, na yakimezwa na mtoto huua. Wala usijaribu maji ya betri, dawa ya kuulia wadudu au kitu chochote kisichotengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Zaidi ya yote, jihadhari na krimu zinazouzwa mitaani. Nyingi katika zile za kujichubua zina dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli. Mgonjwa wa soriasisi akizipaka huona muujiza: wiki moja, na mabaka yamefifia. Lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, huchanika, na siku anapoziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi, kwa maana kuviacha ghafla kunaweza kuleta soriasisi ya usaha mwili mzima. Dawa hizi zina mahali pake hospitalini, kwa kipimo na kwa muda. Hazina mahali pake kapuni mwa mchuuzi.

YASIYOWEZEKANA KWA MAFUTA

Ingekuwa ni kumdanganya msomaji kusema kwamba mafuta huponya soriasisi. Mafuta hutuliza, hulainisha, hupunguza magamba na kuisaidia dawa nyingine ipenye. Chanzo cha ugonjwa kimo ndani ya kinga ya mwili, na pale ugonjwa ulipoenea pana dawa zake: krimu za vitamini D, tiba ya mionzi, vidonge vya methotreksati, ambavyo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki na kamwe si kila siku, na sindano mpya za kibaolojia ambazo bei yake bado ni kubwa mno kwa wananchi wengi.

Mgonjwa aende hospitali bila kungoja akiona mambo haya: ngozi karibu yote imewaka na kupata joto, hasa ikiwa na homa na kutetemeka, vipele vya usaha vimezuka kwa wingi, viungo vya vidole, magoti au mgongo vinauma na kukakamaa asubuhi. Maumivu hayo ya viungo huwapata wengi, pengine hadi watu 30 katika kila wagonjwa 100, na yakipuuzwa huweza kumfanya mtu kilema. Na mtu asiache dawa ya moyo au ya shinikizo la damu kwa kudhani ndiyo inayomletea mabaka. Amwulize kwanza aliyempa.

Msaada upo karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimefunza matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengi wao wamerudi kufanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya. Mgonjwa anaweza kuanzia kwenye zahanati ya karibu na kuomba barua ya kupelekwa mbele.

WAJIBU WA JAMAA

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tukiri pia kwamba watu huficha maradhi kwa sababu ya macho ya wenzao. Mume anayesogea pembeni ya kitanda, mama mkwe anayeosha kikombe mara mbili, mwalimu anayemketisha mtoto peke yake nyuma ya darasa, kinyozi anayekataa kumnyoa mteja, wote hao humwongezea mgonjwa fadhaa, na fadhaa huuchochea ugonjwa. Dharau yao haiishii moyoni. Huonekana ngozini wiki ya pili.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mgongo ni sehemu ambayo mtu hawezi kuifikia mwenyewe. Anahitaji mkono wa mke, wa mume, wa dada au wa mtoto mkubwa ampake mafuta baada ya kuoga. Mkono huo hautaambukizwa kitu, na kwa mtu aliyezoea kukwepwa, kuguswa bila woga ni nusu ya faraja. Wazazi wenye mtoto mgonjwa waende shuleni wamweleze mwalimu ukweli huu kwa utulivu, na wamkate mtoto kucha fupi kila wiki ili hata akijikuna usingizini asijijeruhi.

Basi, jioni ya leo kama yumo nyumbani mwako mtu mwenye mabaka hayo, ondoa jiwe la kusugulia bafuni. Mtengee ndoo ya maji ya uvuguvugu, kitambaa laini na kopo la mafuta, na akimaliza kuoga umwulize kama anahitaji kupakwa mgongoni.